Yadi wanakupiga kalenda baada ya gari kuanza kusumbua? Soma hapa kabla hujaenda kufanya fujo

Mkuu uliyeuliza, kisa chako kinafanana na changu karibu kila kitu ukitoa rangi ya gari. Umechukua gari yadi, hata mwezi haujaisha asubuhi gia inachelewa kuingia, taa ya injini imewaka, ukipiga simu dogo wa mauzo anakwambia "bro gari za mtumba hazina waranti, bosi kasafiri, njoo Jumatatu". Na naona wadau wengi hapo juu wanakushauri uende ukawashe moto pale yadi mbele ya wateja. Mi nakwambia usiende, na nasema hivyo nikiwa mtu aliyebadilishiwa gia boksi na yadi yenyewe bila kutoa hela.

Kitu cha kwanza usimruhusu fundi wako afungue chochote. Najua ana roho nzuri na anakwambia "hii ni haidroliki tu tunamwaga tunaweka nyingine", mwambie atulie. Akishafungua boliti moja yadi wameshapata jibu, fundi wako ndo kaiharibu, hasa kama ni CVT (ile gia otomatiki ya mkanda, ina mafuta yake maalum) maana wakikuta mafuta sio yale ya CVT kesi imeishia hapo. Halafu kuna upande wa sheria ambao watu wengi hawaujui. Hapa Tanzania Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji anayefanya hiyo biashara akupe kitu chenye ubora unaofaa, na kasoro ikiwa kubwa unaweza kukikataa, ila ukikaa nacho muda mrefu kimya, au ukaanza kukifanyia mambo ya mwenye mali, inahesabika umeshakipokea na hapo huna tena haki ya kurudisha, unabaki kudai fidia. Kwa hiyo siku ile ile umeona tatizo andika, hata mistari miwili, ibaki na tarehe.

Watakwambia pia "si uliikagua mwenyewe na ukaiendesha". Kweli sheria inasema kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuiona huwezi kuja kuilalamikia. Lakini gia inayogoma ikiwa ya baridi utaionaje wakati wewe umefika saa tano na gari wameshaiwasha toka asubuhi injini imeshapata moto? Hiyo hoja iweke kwenye maandishi yako, mi ilinisaidia sana.

Sasa kwenye kupima. Nenda kwa fundi mwenye mashine ya maana, sio kale kadude ka bluetooth, mwambie asifute kitu, asome tu na akuandikie kwenye karatasi yenye mhuri, namba ya chesisi na kilomita za dashbodi. Gari nyingi za kisasa zinatunza umbali uliotembea tangu hitilafu zifutwe mara ya mwisho, mwambie akuonyeshe hiyo sehemu. Yangu ilivyosomwa tukakuta ule umbali ni kutoka yadi hadi kwangu na mizunguko yangu ya kazini, basi. Yaani taa ya injini ilikuwepo, wakaizima kwa mashine ndo wakanikabidhi funguo. Daah, hapo nilikasirika kweli, ila pia nikajua nimewapata, maana Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inahesabu kuficha jambo kwa makusudi kuwa ni udanganyifu, na mkataba uliopatikana kwa udanganyifu aliyedanganywa anaweza kuuvunja. Hata kama kwenye mkataba wamekuandikia "gari limeuzwa kama lilivyo". Hicho kipengele kina uzito wake kwenye mambo ya ubora, ila hakimlindi mtu aliyeficha.

Kuhusu nani wa kuongea naye, achana na dogo wa mauzo. Yeye anakula kamisheni, hana mamlaka ya kutoa hata lita moja ya oili, ukimtukana unamwonea na anafurahi kukublock. Tafuta jina lililosaini mkataba wako, barua iende kwa huyo, peleka nakala mbili, moja wapokee, ya kwako wagonge mhuri na tarehe. Wakikataa kugonga piga picha ukiwa pale mapokezi na uitume na WhatsApp. Mambo ya kupiga simu acha kabisa, simu haina ushahidi, na wakikupigia wao ukikata andika meseji "kama tulivyoongea sasa hivi umesema gari niilete Alhamisi". Wanachukia hiyo meseji balaa.

Barua iwe ya ukurasa mmoja na iseme WAZI unataka nini. Watu wanaandika "naomba mnisaidie" halafu wanashangaa wanasaidiwa kwa maneno. Mi niliandika hivi: nataka mbadilishe gia boksi kwa gharama zenu, au mchukue gari mrudishe hela yote, nijibuni kwa maandishi ndani ya siku saba, baada ya hapo napeleka kwa Tume ya Ushindani na mahakamani. Nikaambatanisha ile karatasi ya fundi, mkataba na risiti. Bila tusi hata moja, bila herufi kubwa.

Risiti hapo naongelea ya EFD, ile ya mashine ya kodi inayotambuliwa na TRA. Kama hawakukupa, idai kwa upole kama haki yako, ila usiwatishie "nitawachoma TRA msiponilipa", hiyo inakugeuza wewe kuwa mbaya, na hata mnunuzi asiyedai risiti ana faini yake.

Tume ya Ushindani, hii FCC, inapokea malalamiko ya mlaji na sheria yake ya 2003 inakataza kumpotosha mteja, ila usitegemee wakurudishie hela kesho. Madai ya hela kwa kitu kinachohamishika yasiyozidi milioni 30 unaweza kuanzia Mahakama ya Mwanzo, gari zetu hizi nyingi zinaingia hapo. Mi sikufika huko. Walijaribu kwanza kuniambia tuchangie nusu kwa nusu, nikajibu kwa maandishi kwamba hapana, siku ya mwisho meneja akapiga mwenyewe.

Ila kama bado unadaiwa na yadi, usikate marejesho kimya kimya, gari ina traka, watalibeba usiku na wewe ndo utaonekana mvunja mkataba. Lipa, andika kwamba unalipa huku ukiendelea na dai lako.

Mkuu weka hapa picha ya ukurasa wa mkataba wenye masharti, ficha majina na namba, tuone wamekufunga wapi kabla hujaandika.