Kwa mnaoanza kitengo cha tiba ya mkono: kunjeni hivyo vifundo

Wadogo zangu, juma hili nilisimama nyuma ya mwenzenu mmoja akiandaa splinti, yaani kishikizo kigumu cha kutuliza mkono, moyo ukanienda mbio. Mfupa wa kiganja cha mgonjwa ulikuwa umevunjika na mkono umevimba hadi ngozi inang'aa. Mwenzenu akaulaza bapa mezani, vidole vimenyooka kama rula, akachukua plastiki ya splinti iliyolainishwa kwenye maji ya moto. Nikamwambia ngoja. Sikuwa nimemkasirikia. Nilikuwa nauona mkono mwingine, wa miaka mingi iliyopita, nilioufunga hivyo hivyo mimi mwenyewe.

1. Vifundo vya shina la vidole vikunjwe, nyuzi 70 hadi 90. Viungo vya vidole vyenyewe vinyooke, kifundo cha mkono kiinuliwe nyuma nyuzi 20 hadi 30. Hili mlilisoma chuoni na mkalijibu vizuri kwenye mtihani. Mimi pia nililijibu.

Mwenye ule mkono wa zamani alikuwa mama fundi cherehani, mkono wake wa kulia ulibanwa na mlango wa gari. Nilimtengenezea splinti bapa, kingo nimezilainisha, mikanda imelingana, wenzangu wakaja kuitazama. Nikamwambia asiivue, nikampangia arudi baada ya wiki nne. Hilo peke yake lilikuwa kosa, maana mkono uliovimba huonwa baada ya siku chache. Yule mama alinitii kwa kila neno. Aliporudi uvimbe ulikuwa umekwisha, nikafurahi, nikamwambia akunje ngumi. Vidole vilijikunja kwenye ncha, lakini kwenye shina havikwenda. Goniometa, kipimo cha pembe ya kiungo, ilisoma nyuzi 25. Nikasukuma kidogo, akageuza uso akatazama dirishani, machozi yakamtoka. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, mkasi nitaushikaje?" Nikamjibu kwamba utafunguka tu. Nilisema hivyo kwa kuwa niliogopa.

Ligamenti, yaani kamba zinazounganisha mfupa na mfupa, za pembeni mwa vifundo hivyo vya shina hulegea kidole kinaponyooka, na hukazika kinapokunjwa. Ukizifunga zikiwa zimelegea, ndani ya uvimbe, hufupika zikabaki hivyo. Tulifanya kazi miezi mingi, splinti za kuvuta, mazoezi kila siku, tukafika nyuzi 55. Kukata kitambaa alimwachia binti yake. Hakunilaumu hata siku moja, na laiti angenilaumu. Mkono wake haukuharibiwa na ule mlango peke yake, uliharibiwa na utiifu wake kwangu.

2. Soma karatasi ya upasuaji kabla hujagusa mkono, kwa sababu mkao nilioutaja si wa kila mtu: kano ya kukunja kidole iliyoshonwa ina mkao wake na tarehe zake, na hukatika kirahisi zaidi katika wiki za mwanzo.

3. Kidole kilichoanguka ncha baada ya kano ya kunyoosha kukatika: ncha inyooke wiki 6 hadi 8 bila kushuka hata mara moja, hata wakati wa kuosha. Mfundishe mgonjwa kukiegemeza mezani anapobadilisha splinti, kisha afanye mbele yako. Usitosheke na "nimeelewa". Kijana mmoja alinijia wiki ya tano akitabasamu: "Nilikikunja mara moja tu, nione kama kimepona." Tukaanza kuhesabu upya kuanzia siku ya kwanza. Alikuwa kijana mzuri. Mimi ndiye sikumwambia kwa nini.

4. Dainamometa, kipimo cha nguvu za kushika: kiwiko nyuzi 90, mshiko nafasi ya pili, pima mara tatu, andika wastani. Nawaomba sana, acheni kupima mara moja!

5. Splinti mpya ivaliwe nusu saa mbele yako, kisha ivue utazame ule mfupa unaochomoza upande wa kidole cha mwisho. Wekundu usiofifia maana yake rudi kwenye maji ya moto.

6. Aliyefungwa hogo (plasta ngumu ya mfupa uliovunjika) kwenye kifundo cha mkono atikise vidole na kuinua bega tangu siku ya kwanza. Maumivu yakizidi jeraha lenyewe, ngozi ikibadilika rangi na kutoka jasho, mwite daktari siku hiyo hiyo.

Nirudi kwa yule mwenzenu. Aliirudisha plastiki majini, akaniuliza aanzie wapi. Nikamwambia muulize kwanza mkono huu unafanya kazi gani. Akauliza, akajibiwa kuwa ni wa seremala. Akaviringisha taulo chini ya kiganja, akakunja vifundo polepole huku akimtazama mgonjwa usoni badala ya kutazama plastiki, akaishikilia plastiki mpaka ikapoa ikawa ngumu. Mgonjwa akauliza mbona mkono wake umekaa kama mdomo wa bata. Kijana akavuta kiti, akakaa, akamweleza habari za ligamenti kwa maneno yake mwenyewe, kisha akampangia arudi baada ya siku tatu.