Kiwanda Kimekufa, Jina Bado Lina Bei

SWALI: Mhariri, kampuni ya TVR ya Uingereza iliacha kuunda magari ya spoti mwaka 2006, lakini mwaka 2013 wafanyabiashara wengine waliinunua. Walipata nini hasa, ikiwa magari hayaundwi tena?

JIBU: Ndugu msomaji, walipata haki ya kisheria ya kutumia nembo na majina ya magari kama Griffith, na pamoja nayo sifa ambayo mtengenezaji mpya angeihangaikia kwa miaka mingi na kwa fedha nyingi.

Mfano ulio wazi zaidi ni Bugatti. Ettore Bugatti, mwanzilishi wa kampuni hiyo ya magari, alifariki mwaka 1947, kampuni yake ikadhoofika hadi ikachukuliwa na kampuni ya Hispano-Suiza mwaka 1963. Mfanyabiashara Romano Artioli akalifufua jina hilo nchini Italia mwaka 1987, akaunda gari la EB110, akafilisika mwaka 1995, na bado Volkswagen ikaona linafaa kununuliwa mwaka 1998. Magari yakarudi kuundwa Molsheim, Ufaransa, alikoanzia Ettore, na Veyron ya mwaka 2005, yenye nguvu za farasi 1,001, ikabaki na wavu wa mbele wenye umbo la kiatu cha farasi, kama magari ya mzee mwenyewe. Wavu huo, kwa maoni yangu, ulifanya kazi kubwa kuliko tangazo lolote.

Hata hivyo, Volkswagen ilikuwa na wahandisi na mtaji. TVR walionyesha Griffith mpya mwaka 2017 na wateja wakaweka amana, lakini miaka ikapita bila magari kukabidhiwa, na subira ya mashabiki nayo ina kikomo.