Hiace ya marehemu baba inavuma nyuma: ni difu kweli?

SWALI: Shikamoo fundi. Naandika kutoka Muheza. Marehemu baba ametuachia Hiace ya mwaka 1996, ile ya dizeli yenye injini ya 3L. Naendesha mwenyewe, nachukua machungwa mashambani na kuyashusha Tanga mjini. Tangu masika yaishe inavuma nyuma. Mlio unaanza nikifika kilomita 50 kwa saa, na kwenye 70 mimi na utingo wangu tunazungumza kwa kupaza sauti. Nikiwa na mzigo ndiyo unazidi. Mafundi wawili wameniambia difu, lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma, imekufa, nitafute ya mtumba. Mmoja alisema hivyo bila hata kuingia uvunguni. Hela ya difu ninayo, lakini ndiyo niliyoiweka ya ada ya mdogo wangu. Ninunue?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni kwa msiba. Usinunue. Ada ya mdogo wako iache ilipo mpaka tujue nani anapiga kelele huko nyuma.

Nina sababu ya kukukataza haraka hivi. Mwaka 2009 mzee mmoja kutoka Kilosa aliniletea hapa Morogoro Hiace kama yako. Nilizunguka nayo mtaa mmoja tu, nikasikia mvumo, nikasema difu. Akanunua ya mtumba, tukaifunga, kazi ya siku nzima. Jioni tukaijaribu barabara ya Dodoma: mvumo uleule. Ilikuwa beringi ya gurudumu la kushoto. Mzee hakunigombeza. Alikaa kwenye benchi, akatoa hela zilizobaki mfukoni, akazihesabu mara mbili. Ufundi nilimrudishia, lakini muuza spea hakuipokea difu, na mimi sikuwa na uwezo wa kuilipa. Tangu siku ile sishushi difu ya mtu kabla sijaendesha gari lake kwenye lami, kwenye kona na kwenye mteremko, kisha nikalilalia chini.

Huko nyuma wapiga kelele ni watatu: tairi, beringi za magurudumu, na difu yenyewe. Kila mmoja ana sauti yake na kila mmoja ana namna ya kumkamata.

Anza na tairi, maana hazikugharimu kitu. Tairi lililolika kwa mabaka huvuma kama beringi mbovu, ila mlio wake hubadilika ukitoka lami kuingia vumbi, au ukitoka lami chakavu kuingia mpya. Beringi na difu hazijali uso wa barabara. Pitisha kiganja juu ya tairi za nyuma, mbele kisha nyuma. Ukisikia vilima na mabonde, zihamishie mbele uone kama mlio unazifuata.

La pili ni mguu wako. Tafuta kipande kilichonyooka, fika kilomita 60, shikilia hapo, kisha ondoa mguu kwenye mafuta bila kugusa breki. Difu iliyolika meno hupiga mluzi, na mluzi huo hujibu mguu: unakuwepo ukikanyaga na kupotea ukiachia, au kinyume chake. Madereva wa hapa kwetu wanaopanda Iringa huniambia, "Fundi, Kitonga kupanda iko kimya, kushuka inalia." Kauli kama hiyo ni dhahabu, maana nikishaisikia najua nitaanza kuangalia beringi za pinioni, ile gia ndogo ya difu inayozungushwa na propela, shafti ndefu itokayo kwenye gia boksi. Beringi ya gurudumu haijibu mguu. Hufuata mwendo wa gari tu, ukanyage au uachie.

Utofautishe pia uzito wa sauti. Chukua difu yenye krauni, yaani gia kubwa inayozungushwa na pinioni, ya meno 41 na pinioni ya meno 10. Gurudumu likizunguka mara moja, pinioni imezunguka mara 4.1. Kwenye kilomita 60 kwa saa gurudumu la Hiace huzunguka karibu mara 490 kwa dakika, na pinioni karibu mara 2,000. Ndiyo maana beringi ya pinioni hulia kwa sauti nyembamba ya haraka, na ya gurudumu huvuma kwa sauti nzito, kama kinu cha kusaga nafaka ukikisikia kwa mbali.

La tatu ni usukani. Barabara ikiwa tupu kabisa, nasisitiza tupu, yumbisha gari taratibu kushoto, kisha kulia. Ukikata kushoto uzito hulalia upande wa kulia, ukikata kulia hulalia kushoto. Beringi mbovu ikilemewa hupaza sauti, ikipunguziwa hunyamaza. Na wewe mwenyewe umeshasema kuwa mzigo unazidisha mlio. Hilo ndilo lililonifanya niwatilie shaka hao mafundi wawili.

Ukirudi nyumbani, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, inua nyuma kwa jeki, ushushie ekseli juu ya stendi mbili. Jeki peke yake usiiamini hata dakika moja, na injini iwe imezimwa muda wote. Achia breki ya mkono, weka gia huru. Utingo azungushe gurudumu kwa mkono, wewe weka kiganja juu ya springi, karibu na ekseli. Springi hubeba mtikisiko wa beringi hadi mkononi, na mkono husikia ambacho sikio halikisikii. Fanya hivyo pande zote mbili. Viatu vya breki vikigusa dramu utasikia mkwaruzo mwembamba unaokatikakatika, huo usikutishe. Kisha shika tairi juu na chini ulitikise, uone kama linacheza.

Mwisho, angalia oili ya difu. Fungua kwanza nati ya kujazia, ndipo ufungue ya kumwagia. Wapo waliomwaga kwanza, halafu wakakuta ya juu imeshika kutu haifunguki, gari likalala hapo. Ipokee oili kwenye beseni safi na pitisha sumaku humo. Uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida wa gari la umri huo. Vipande unavyoweza kuvishika kwa kucha, hapo difu inavunjika kweli. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia.

Majibu hayo nilimtumia kwa simu, kwa sababu gari linalovuma halingoji toleo lijalo. Baada ya siku nne akaniandikia tena:

"Fundi, nimefanya yote. Tairi ni sawa. Mguu haubadilishi kitu. Nikikata kushoto mvumo unapanda, nikikata kulia unakaribia kufa. Upande wa kulia mkono juu ya springi ulisikia kama mtu anasaga mtama, kushoto kimya. Nimefungua dramu ya kulia, ndani kumelowa oili. Oili ya difu ni nyeusi na ilikuwa pungufu, lakini sumaku imetoka na uji tu. Naweza kwenda nayo Tanga Ijumaa, nirekebishe wiki ijayo?"

JIBU: Hapana, mwanangu, usiende. Kwanza hongera, umefanya kazi ambayo mafundi wawili hawakuifanya. Ni beringi ya gurudumu la nyuma kulia, na sili ya upande huo, ile pete ya mpira inayozuia oili isitoke, imekwisha. Difu ya baba yako ni nzima.

Nikueleze kwa nini nakatalia safari ya Ijumaa. Kwenye Hiace yako hafu shafti hufanya kazi mbili: inazungusha gurudumu, na papo hapo inabeba uzito wa gari kupitia beringi moja tu. Beringi hiyo inashikiliwa na pete ya chuma iliyopigwa presi juu ya shafti. Beringi ikisagika kabisa, au pete ikilegea, shafti inaweza kuchomoka kwenye ekseli pamoja na gurudumu na dramu yake. Na breki ya upande huo, ikiwa imelowa oili, haishiki vizuri hata sasa. Umepakia machungwa, utingo yuko pembeni yako. Kodi gari la mtu Ijumaa hii.

Kazi yenyewe fundi mwenye utulivu anaimaliza kwa siku moja. Toa gurudumu na dramu. Fungua paipu ya breki uizibe, achia kebo ya breki ya mkono, kisha fungua nati nne zinazoshika bamba la breki kwenye ekseli. Shafti hutoka pamoja na bamba hilo. Ikikataa, geuza dramu kinyume, ishike kwa nati mbili bila kuzikaza, uivute kwa nguvu ikugongee kama nyundo. Ikianza kutoka ishikilie juu, inyooke. Ukiiachia ilale inajeruhi sehemu inayokaa sili.

Sasa naomba usome polepole. Pete ya zamani hairudi. Hukatwa kwa grainda hadi ibaki ngozi nyembamba, kisha hupasuliwa kwa tindo, na jiwe la grainda lisiguse shafti hata kidogo. Kabla beringi mpya haijapigwa presi, bamba la breki na vyote vinavyokaa nyuma ya beringi lazima viwe vimeshavishwa kwenye shafti. Nimeona vijana wakipiga presi beringi na pete vizuri kabisa, halafu wanageuka wanakuta bamba liko mezani. Hapo unakata tena, unanunua tena. Vipange chini kwenye kitambaa kwa mfuatano uleule vilivyotoka, na upige picha kwa simu.

Beringi ipelekwe kwenye presi, kwa fundi wa mashine. Isigongwe kwa nyundo na bomba: ukigonga huku unaegemea pete ya nje ya beringi, vigololo vinatia alama ndani, na baada ya wiki chache mvumo unarudi. Na akitokea wa kukuambia pete aishike kwa welding ili "isitoke maisha", mshukuru na uondoke na shafti yako. Moto ule unaharibu ugumu wa shafti na unapika beringi mpya siku hiyohiyo.

Sili za upande huo badilisha zote, za kushoto zikague. Viatu vya breki vilivyonywa oili havisafishiki. Hata ukivichoma kwa petroli vitaitoa tena vikipata joto. Nunua vipya, na kwa pande zote mbili, la sivyo gari litavuta upande mmoja ukifunga breki. Ukimaliza, toa upepo kwenye breki.

Kisha tafuta sababu ya sili kufa. Juu ya ekseli kuna kifuniko kidogo cha kupumulia, kama kofia ya kibiriti cha gesi kwa ukubwa. Oili ikipata joto, hewa ndani hutanuka na kutokea hapo. Wewe unaingia mashambani masika yote, unavuka matope na vijito. Kifuniko kikiziba kwa udongo, msukumo hutafuta njia kwenye sili, oili inapita, inaosha grisi ya beringi, halafu inalowesha breki. Kizungushe kwa vidole: kicheze na kipitishe hewa. Ukifunga beringi mpya na kuacha kifuniko kimeziba, masika yajayo utaniandikia barua hii tena.

Jaza oili ya gia 80W-90 yenye maandishi GL-5 kwenye kopo, gari likiwa mahali tambarare, mpaka ianze kutiririka kwenye tundu la kujazia. Usipime kwa macho wala kwa kopo la mtu.

Na hao mafundi wakirudia kusema "tuifungue tu difu tuone," kataa. Nafasi kati ya meno ya krauni na pinioni kwenye difu nyingi za Toyota za aina hii ni kati ya milimita 0.13 na 0.18, unene wa nywele mbili hivi. Haipimwi kwa kutikisa kwa mkono. Difu nzima ikifunguliwa na asiye na kipimo, hurudi ikiwa mbovu.

Ukishafunga, nenda kilomita 20 bila mzigo, simama, sogeza kiganja karibu na dramu zote mbili za nyuma. Joto lilingane. Kulia kukiwa kwa moto zaidi, rudi kwa fundi kabla hujapakia hata chungwa moja.

SWALI: Fundi, yangu haivumi. Ila nikiachia klachi kuondoka, au nikirudi nyuma, inagonga "ko!" mara moja chini ya sakafu. Ni Hiace pia. – Msomaji, Kahama.

JIBU: Ndugu yangu, zima gari, weka mawe magurudumuni, gia huru, uingie chini. Shika propela kwa mikono miwili, mmoja kila upande wa krosi, kile kiungo cha umbo la msalaba, uzungushe kinyume. Pande hizo mbili zikicheza kila moja kivyake, krosi imekwisha, na vumbi jekundu la kutu kuzunguka vikombe vyake litakuthibitishia. Tia alama ya rangi kwenye flanji, pale propela inapofungwa kwa boliti, kabla ya kufungua, ili propela irudi ilivyokuwa. Ikigeuzwa inaweza kuleta mtetemo ambao hukuwa nao. Krosi zikiwa nzima, kagua boliti za U zinazoshika springi kwenye ekseli.