Ugonjwa wa Thygeson ukirudi, usiguse chupa ya zamani

Wenye ugonjwa wangu ni wachache, sijawahi kukutana na mwenzangu ana kwa ana. Kwa hiyo namwandikia yule aliyeambiwa juzi kwamba ana keratiti ya Thygeson, yaani uvimbe wa konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho. Ilielezwa mwaka 1950 na Phillips Thygeson, daktari wa macho Mmarekani, na chanzo chake hakijajulikana hadi leo.

Ujue mapema: unarudi. Vidoa kwenye konea vinafutika, miezi inapita, kisha siku moja mwanga unakuchoma, machozi yanatiririka na jicho linakereketa kana kwamba lina mchanga. Lenyewe halijawa hata jekundu, kwa hiyo nyumbani wanadhani unajidekeza. Usimlaumu daktari, ndiyo tabia ya ugonjwa huu, huja na kuondoka kwa miaka, na kwa kawaida huisha bila kuharibu uwezo wa kuona.

Kinachoweza kukuharibia macho ni pupa ya dawa. Matone ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe, hata nyepesi kama fluorometholoni, huleta nafuu upesi, na hapo ndipo mtu anaposhawishika. Chupa ya mwaka jana iko kabatini, na duka la dawa la mtaani linaweza kukuuzia kali zaidi bila cheti. Lakini kuogopa mwanga na kutokwa machozi ni dalili za virusi vya herpesi pia, na za fangasi, ambao huku kwetu si wageni. Muulize mkulima aliyechomwa jichoni na jani la mahindi. Ukiwatilia steroidi hao, umewapalilia, na konea inaweza hata kutoboka.

Basi kila ugonjwa ukirudi, kapimwe upya kwa rangi ya manjano na taa ya buluu. Vya Thygeson ni vidoa vya kijivu katikati ya konea, mara nyingi macho yote mawili. Herpesi kwa kawaida hushika jicho moja na kuchora matawi.

Ukipewa steroidi, punguza matone taratibu kama ulivyoelekezwa, na upimwe presha ya jicho, maana steroidi inaweza kuipandisha. Kwangu ugonjwa hurudi mara kwa mara, ndiyo maana nilihamishiwa saiklosporini, matone yasiyo ya steroidi: inawasha na kuipata ni shughuli, ila haipandishi presha.

Tunza daftari la tarehe na dawa, maana daktari mpya huenda hajawahi kuuona ugonjwa huu. Na kama umeshatia matone kabla ya kufika, mwambie. Steroidi inaweza kufifisha vidoa asione kitu.