Silinda inayong'aa isikudanganye: kununua bloku ya kuvisha slivu

Wadogo zangu wengi wakitaka kujenga injini ya slivu, yaani bomba la chuma linalovishwa ndani ya silinda kuwa ukuta mpya, hunitumia picha za bloku waliyoiona Ilala au Gerezani hapa Dar, na kila picha ni ya silinda. Silinda ndiyo ya mwisho kuiangalia. Slivu ikiingia, ukuta wa zamani unachongwa na kuwa vumbi la mashine, uwe ulikuwa unang'aa au umechanwa na ringi iliyovunjika. Unachonunua ni yale yasiyovishwa kitu: viti vya mein beringi (zile zinazobeba krenkshafti), uso unaokaliwa na silinda hedi, na njia za maji.

Mimi nililipia somo hili. Nilinunua bloku ya EJ20 ya Subaru, muuzaji akasema, "Fundi, silinda kama kioo, chungulia mwenyewe." Nikachungulia, nikajiona, nikatoa hela. Fundi wa mashine alipoanza kuchonga tukakuta njia za maji zimeliwa, na pale shingo ya slivu ilipotakiwa kukaa, aluminiamu inamong'onyoka kama andazi la juzi. Gari lile lilinyweshwa maji ya kisima badala ya kulanti, na visima vingi vya Dar vina chumvi. Chumvi na aluminiamu hawakai nyumba moja.

Siku hizi naenda na bisibisi, tochi, rula ya chuma iliyonyooka na fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya. Bisibisi naikwaruzia ndani ya njia za maji. Nikiona unga mweupe na vishimo, naaga. Rula naiweka usoni kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari. Fila ya 0.05 mm ikipita chini yake, najua gari hili limewahi kuchemsha. Uso uliopinda kidogo unasawazishika, lakini aluminiamu iliyochemka sana hulegea, haibani tena slivu wala boliti kama zamani. Hiyo mashine hairudishi.

Kwa ufa, tumia njia ya wazee. Safisha bloku, paka mafuta ya taa pale unapopashuku, subiri, futa hadi pakauke, kisha paka unga wa chaki. Penye ufa mafuta yatachora mstari kwenye chaki. Muuzaji akikukataza kufanya hivyo, keshakujibu.

Viti vya mein beringi vikague kwa subira kuliko vyote. Rangi ya bluu, au alama za beringi iliyozunguka, maana yake injini ilikosa oili. Funga kofia zake, kaza boliti kwa kipimo cha kiwandani, ndipo upime mduara. Ukipima kofia zikiwa legevu unapima hewa. Na uliza kama gari lilizama. Mafuriko ya Jangwani yameingiza maji kwenye injini nyingi, na maji hayabanwi na pistoni: konrodi, mkono wa pistoni, inapinda, wakati mwingine inatoboa ubavu wa bloku. Tundu lililozibwa kwa kuchomelea ukalikuta limepakwa rangi ya fedha, usiulize bei.

Wenye Subaru, jambo moja zaidi. Bloku ya EJ ni nusu mbili zilizochongwa pamoja kiwandani kama mtu na pacha wake. Usikubali nusu ya kushoto ya injini hii iunganishwe na ya kulia ya ile, hata ukipewa kwa bei ya kutupa.

Wenye injini za Toyota 1JZ na 2JZ, tulieni kwanza. Hizo ni bloku za chuma, silinda 86 mm, na kuta zake zinatosha kuchongwa hadi 86.5 au hata 87 zikiwa nzima. Slivu ya nini? Kwenye chuma mimi navisha kuokoa silinda moja iliyoharibika. Slivu imara zinahitajika zaidi kwenye aluminiamu yenye uso wazi, kama Honda K20, ambako silinda zimesimama majini bila mhimili juu na presha kubwa ya turbo inaziyumbisha.

Kabla ya kumpa fundi wa mashine bloku, nunua pistoni kwanza. Silinda huchongwa kufuata pistoni iliyo mkononi, na karatasi ya pistoni ndiyo inayosema nafasi ya kuacha kati yake na ukuta. Kisha muulize maswali mawili. Slivu itakaa kwenye ngazi iliyochongwa ndani ya bloku au itabanwa tu? Aluminiamu ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo slivu isiyo na ngazi inaweza kuzama, na ikizama hata kidogo gasketi ya hedi inaondoka. La pili: ana bamba nene la kufunga badala ya hedi wakati wa kuhoni, yaani kusugua silinda kwa mawe ya kumalizia? Boliti za hedi zikikazwa hupindisha silinda, ndiyo maana inahoniwa ikiwa tayari imebanwa. Akicheka swali lako, chukua bloku yako muondoke wote.

Ukilipa dukani, dai risiti na upige picha namba ya injini. Namba hiyo iko kwenye bloku, na kadi ya gari ina namba ya injini ya zamani. Kabla ya kuingia barabarani nenda TRA ukarekebishe kadi.