Jibu: Mjukuu wa miaka 10 kuwinda kulungu Texas

Shikamoo mzee. Umeuliza kama mjukuu wako wa miaka 10 anahitaji leseni ilhali shamba ni la familia yenu huko Texas. Anahitaji. Shamba kuwa lenu hakuondoi leseni; yeye achukue ya vijana walio chini ya miaka 17, nawe uwe na yako. Kozi ya uwindaji anaweza kuisubiri mradi yuko pembeni ya mtu mzima mwenye leseni aliyeipita kozi hiyo (waliozaliwa kabla ya 2 Septemba 1971 hawadaiwi). Mimi ningempeleka tu. Babu ana huruma nyingi, mwalimu hana.

Bunduki ya .243 (kipimo cha risasi, yenye teke dogo) inamtosha. Bunduki ikimgonga bega vibaya mara moja, atafumba macho kila akigusa kifyatuo, na kumtoa huko ni kazi. Mpigishe shabaha kwanza, masikio yakiwa yamezibwa.

Ingieni kwenye kibanda cha kujifichia kabla hakujapambazuka, upepo ukiwapiga usoni. Biskuti mbebee, ila zitoe kwenye karatasi nyumbani. Mchakacho ule kulungu anausikia mbali. Mnyama asimame ubavu, mtoto alenge nyuma tu ya bega. Akiwa amewaelekea, mwacheni apite, hata awe na mapembe ya kutisha. Akianguka, mfungeni lebo inayokuja na leseni papo hapo. Na kwa kuwa Texas hata Novemba huwa na joto, mtoeni matumbo upesi, barafu iwe tayari garini.