Unajitolea kufundisha kijijini kwenu? Kitafute cheti

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kiteto aliniandikia. Anajitolea kwenye shule shikizi ya kijijini kwao, yaani tawi dogo la shule mama iliyo mbali, anafundisha awali na darasa la kwanza, wazazi wanachangishana kumlipa. Kidato cha nne alipata divisheni ya nne. "Shikamoo mwalimu," ameandika, "tumesikia tunaletewa mwalimu wa ajira. Niendelee, au niende Arusha nikaendeshe bodaboda?"

Nimeshamjibu kwa simu. Ila najua mko wengi mnaoshika chaki bila cheti, Simanjiro, Ngorongoro, Monduli, na huku kwetu Longido, na wengi wenu mnataka kile nilichokitaka mimi: kuwa mwalimu kamili bila kuhama nyumbani.

Mimi nilianzia hapo hapo. Mwaka 2016, elimu bila malipo ilipoanza, shule ya kata yetu ilifurika. Watoto wa maboma ya mbali walikuwa wanapita njia ya tembo alfajiri, na wadogo walibaki nyumbani mpaka miguu ikomae. Wazazi wakasimamisha banda la mabati, wakaomba litambuliwe kama kituo shikizi, wakatafuta mtu wa kufundisha. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina divisheni ya nne, niko nyumbani. Nikachukuliwa. Posho yangu ilikuwa mahindi, na mvua zikinyesha vizuri, maziwa.

Nilifundisha vizuri. Nasema hivyo bila kuona haya, kwa sababu watoto wale niliwaona wakisoma.

Alipoletwa mwalimu wa ajira nilifurahi kuliko mtu yeyote pale. Alikuwa mtu mwema, amesoma, anatoka mbali, na Kimaa, lugha yetu Wamasai, hakukijua hata kidogo. Shule zetu za msingi zinafundisha kwa Kiswahili, lakini mtoto anayetoka boma moja kwa moja hadi darasa la kwanza hajawahi kuambiwa hata "kaa chini" kwa Kiswahili. Siku moja mwalimu aliandika ubaoni 5 − 2 na kumsimamisha mvulana mmoja. Kimya. Akamwuliza tena kwa sauti ya juu zaidi. Kimya. Akaniambia mtoto huyu ni mzito. Mtoto yule nilikuwa namfahamu: jioni anasimama mlangoni mwa zizi mbuzi wanapita, na bila kuhesabu anakwambia yule mweusi mwenye sikio lililokatwa hajarudi. Nikamwuliza kwa Kimaa: umetoka na mbuzi watano, wawili wameliwa na fisi, unarudi na wangapi? Akasema "okuni" kabla sijafunga mdomo. Nikamwambia, sasa mjibu mwalimu kwa Kiswahili. Akanyoosha vidole vitatu, akasema "tatu" kwa sauti iliyosikika nje.

Muhula uliofuata nikaitwa mbele ya kikao cha wazazi, nikaambiwa shule sasa ina mwalimu mwenye sifa, kwa hiyo mimi nihamie jikoni kupika uji. Nilihamia jikoni. Nikiwa nakoroga uji wanatumwa watoto kuniita: mwalimu anasema uje utueleze. Naacha mwiko, naingia darasani, naeleza, narudi jikoni. Hakuna aliyeona ajabu. Mpaka leo nikipita pale jikoni kifua kinabana.

Mwalimu yule alihama, na wa baada yake naye akahama. Siwalaumu. Nyumba ya mwalimu hakuna, maji ni ya kununua kwa dumu, ukitaka mtandao unapanda mlimani. Mgeni huvumilia akiwa anasubiri uhamisho wake. Aliyezaliwa pale hasubiri kitu, kwao ni pale. Ndiyo maana nasema cheti kinatakiwa kiwe mkononi mwa yule ambaye hataondoka.

Sasa, mdogo wangu, sikiliza. Divisheni ya nne haikufungi maisha, ila inakufungia mlango wa chuo cha ualimu, maana aliyemaliza kidato cha nne wanamtaka awe na divisheni ya kwanza hadi ya tatu. Alama 26 hadi 33 ni divisheni ya nne, maana kwenye hesabu hii alama chache ndizo nzuri. Angalia umezidi 25 kwa alama ngapi. Mara nyingi ni masomo mawili tu yaliyokuangusha. Risiti, yaani rudia mtihani ukiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa mwanzoni mwa mwaka, mtihani ni Novemba. Kama hukufika kidato cha nne, anza na mtihani wa maarifa, ule wa QT. Mimi nilisoma usiku kwa taa ya sola baada ya kuosha masufuria ya uji. Nilipata divisheni ya tatu. Miaka ya chuo sitaisimulia, ni vitabu, njaa kidogo na mazoezi ya kufundisha.

La pili, usiache darasa ukisubiri. Kila wiki andika andalio la somo, tunza azimio la kazi, mwombe mwalimu mkuu wa shule mama akusainie. Iombe serikali ya kijiji barua yenye mhuri inayosema umejitolea tangu lini. Siku hizi ajira za walimu zina usaili, na mtu aliyekwisha kusimama mbele ya watoto sabini anaonekana akifungua mdomo tu. Nasema tena: risiti, na usiache darasa. Nikiulizwa mara mia nitajibu hivyo hivyo.

Kuna watakaokwambia ualimu wa namna hii, wa kuanzia kijijini, ni ualimu wa kubahatisha. Wakumbushe historia. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilipotaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977, walimu hawakuwepo. Serikali ikachukua vijana waliomaliza darasa la saba, wakawa wanafundisha vijijini huku wanasoma kwa vijitabu na redio, kisha wanamalizia chuoni kwa muda mfupi. Zaidi ya 30,000 walipata vyeti kwa njia hiyo. Walidharauliwa sana, wakaitwa walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha mpango ule wa elimu ya msingi kwa wote, lakini wengi wetu wazazi wetu walifundishwa kusoma na hao hao. Na si Tanzania tu. Kanada, kaskazini mwa jimbo la Saskatchewan, wenyeji wa asili walikuwa wanaletewa walimu kutoka kusini wasiokaa. Mwaka 1976 ikaanzishwa programu ya NORTEP katika mji wa La Ronge kufundisha ualimu watu wa huko huko. Ilidumu hadi 2017. Queensland, Australia, tangu 1990 wana RATEP, inayowawezesha wasaidizi wa darasa wa Kiaborijini na wa visiwa vya Torres Strait kusomea ualimu wakiwa kwenye jamii zao. Wenzetu waliona tatizo hili hili, wakaacha kulialia.

Sisi tunangoja nini? Walimu wakuu, mna binti anapika uji na ana cheti cha kidato cha nne kwenye sanduku la mama yake. Mwulizeni alama zake. Mpeni kitabu, mpeni saa moja darasani, msimwite pale tu mtoto anaposhindwa kuwaelewa. Ndugu zangu wa jikoni na wa getini, msikubali kuwa wakalimani wa bure maisha yenu yote.

Na wazee wetu, naomba mnisikilize kama mwanenu. Mnauza dume kwa ajili ya kesi ya ardhi, mnauza dume kwa ajili ya sherehe ya rika. Ukame wa 2009 ulitufundisha kwamba ng'ombe hufa hata usipomuuza. Baba yangu aliuza dume mmoja kunipeleka chuoni, na majirani walimsema. Leo wajukuu wa waliomsema wako darasani kwangu. Ajira ilichelewa, nikajitolea tena, safari hii nikiwa na cheti, na hakuna aliyenitaja jikoni.

Kwa hiyo mkutano mkuu wa kijiji ujao, mwombeni mwenyekiti aweke ajenda: nani anajitolea shuleni kwetu, amekosa alama ngapi, ada ya mtihani nani analipa. Majina yaandikwe kwenye muhtasari, na fedha zikusanywe kabla dirisha la usajili halijafungwa.